Kikapu Kilichogeuka Sahani

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa hodari wa kuanza mambo na goigoi wa kuyamaliza. Mchoro nusu, kitabu nusu, hata wali niliuacha nusu. Tulikuwa tukiishi ughaibuni, Riverdale, fleti ya chini, na mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Bibi, mamake mama, alikuwa amekuja kutoka Pangani kumwangalia mwanawe hadi ajifungue, na tangu afike hakuna nusu yangu hata moja iliyompita.

Juu yetu aliishi Bi Elvira, mwanamke wa kabila la Wounaan kutoka misitu ya Panama. Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu. Nyuzi alitumiwa na dada zake, za kuti changa la mti wa jamii ya minazi wenye miiba mwili mzima, na rangi zake zilitoka kwenye magome, matunda na mizizi. Siku Bibi alipoonyeshwa kikapu kimoja, alikigeuzageuza akapitisha ukucha kwenye mishono. Yeye mwenyewe alikuwa msukaji wa mikeka.

"Huu si ukili wa kusukia mkeka," akasema. "Hiki kimeshonwa kwa sindano, uzi kwa uzi. Huyu mama ana subira."

Bi Elvira hakujua Kiswahili, ila aliuelewa ule ukucha. Wakacheka wote wawili.

Mimi Bi Elvira akanianzishia kikapu changu mwenyewe, kiduara kidogo kama kifungo cha shati. Nikakizungusha kwa sindano mpaka kikafika upana wa kisahani cha chai. Kisha, kama kawaida yangu, nikachoka. Nikakisukuma chini ya kitanda.

Bibi alikikuta akifagia. Akaketi kitandani nacho mapajani.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "kazi iliyoanzwa kwenye nyumba ya mja mzito haiachwi njiani. Ukiiacha njiani, na mtoto naye hukaa njiani."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nitamaliza kesho. Zikapita kesho nyingi.

Uchungu ulimshika mama Jumamosi alfajiri. Baba na Bibi wakaenda naye hospitali, mimi nikaachwa kwa Bi Elvira. Karibu na adhuhuri baba akapiga simu.

"Baby amekwama kidogo," akaniambia. "Ma-doctor wana-monitor. Labda wata-operate. Usi-worry, mama, sawa?"

Nilisema sawa. Nikaweka simu chini, nikashuka ngazi mbio, nikakichomoa kile kikapu chini ya kitanda na kurudi nacho juu nikilia. Nikamweleza Bi Elvira yote kwa Kiingereza: maneno ya Bibi, uvivu wangu, na mtoto aliyekwama kwa sababu yangu. Nilikuwa na hakika kwamba mama angekufa.

Hakunicheka. Aliniambia ukweli, na nampenda kwa hilo hadi leo: kikapu cha namna ile huchukua miezi, na hata yeye asingeweza kukimaliza siku hiyo. Nikazidi kulia. Akakichukua, akakitazama kwa muda.

"Nani amesema lazima kiwe kirefu?" akauliza. "Tukifunge hapa. Kiwe sahani."

Akakata ncha za nyuzi za ndani kwa mshazari ili ukingo usiwe na nundu, akanionyesha jinsi ya kubananisha mishono. Vidole vilinichoma na sindano iliteleza kwa jasho. Aliushika mkono wangu pale nilipopotea, lakini fundo la mwisho aliniachia mimi. Nililikaza kwa meno.

Jioni Bibi alirudi na habari: mtoto wa kiume, mama amepasuliwa, wote wazima. Nikamwonyesha sahani yangu. Nilidhani ningefurahi, kumbe kilio kilikuwa hakijaisha. Nikamwambia, kama ningeimaliza mapema, mama asingekatwa tumbo.

Bibi alikaa sakafuni, koti la baridi bado mwilini. Akanivuta.

"Nilikudanganya," akasema. "Hakuna jambo kama hilo, wala halijapata kuwapo. Nilitaka tu umalize kazi yako."

Nilimkasirikia mno. Lakini usiku ule nililala fofofo, na tangu hapo nilijua kuwa maneno yale yalikuwa hila ya mtu mzima kwa mtoto mvivu. Niliwahi hata kuyasimulia chuoni, watu wakacheka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, Bibi alinipigia simu kutoka Pangani. Alikuwa mzee sana, sauti imekuwa nyembamba. Aliuliza afya yangu, akamuulizia mume wangu, kisha akashusha sauti.

"Humo ndani hamna kazi yoyote iliyoachwa njiani? Angalia vizuri, mwanangu."

"Bibi," nikasema, "si uliniambia ulinidanganya?"

"Ulikuwa unalia," akasema. "Ningefanyaje?"

Nilikaa na simu mkononi nikimwaza Bibi wa jioni ile, pale sakafuni. Siku nzima alikuwa amesimama nje ya chumba cha kujifungulia akiliamini neno lile, akijua kikapu changu kiko wapi, akimhofia mwanawe. Kisha akarudi nyumbani, akalikana ili mimi nilale.