Mume wangu aliifukia sauti yangu kushoto

Admin, jina langu nakuachia wewe, lisitoke, maana kisiwa chetu kidogo na ndugu za huyo aliyekuwa mume wangu wamo humu wanasoma. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Mafia, nimeachika, nina mtoto mmoja na naishi na mama yangu Baleni. Shule sikufika mbali, ila sauti Mungu alinipa, na hata wanaonichukia wanalijua hilo.

Mume wangu wa zamani alikuwa na studio Kilindoni, chumba kimoja chenye kompyuta na magodoro ukutani. Alikuwa pia anakodisha mziki kwenye shughuli, amplifaya moja na spika ya honi ya kufunga juu ya mnazi. Ile amplifaya iliungua upande wa kushoto zamani, ikawa inatoa wa kulia tu. Hakuna aliyejali, kwa sababu sauti ya mwimbaji kwa kawaida inawekwa katikati, na ya katikati inatoka pande zote mbili.

Sasa kikundi chetu cha akina mama wa mwani kikapata wageni wa hifadhi ya bahari, tukaambiwa tuandae wimbo. Nikautunga mimi. Niliimba na mwenzangu nitakayemwita Zuhura, mwanzo mpaka mwisho pamoja, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Mume wangu alipomaliza kuuchanganya akanivalisha hedifoni. Zuhura nilimsikia katikati ya kichwa, mimi nikajisikia sikio la kushoto peke yake. Nikamuuliza, "Mbona mimi niko upande mmoja?" Akasema, "Ndivyo wanavyofanya Dar. Mkikaa wote sehemu moja mnazibana." Nilimwamini, alikuwa mume wangu na ndiye fundi.

Siku ya wageni mama alikuja. Masikio yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo tulimweka mbele kabisa, chini ya spika. Zuhura na mimi tukasimama na maiki zisizounganishwa, tukawa tunafuatisha wimbo unaopigwa, kama wafanyavyo wengi. Kwenye spika ikatoka sauti ya Zuhura tupu. Mimi nimefungua mdomo, mishipa imenitoka shingoni, na hakuna kitu. Wanawake wakaanza kugongana viwiko. Mume wangu alikuwa nyuma ya amplifaya, ananitazama, na mkono hakuunyanyua. Nyumbani mama akaniambia, "Mwanangu, mwenzio nimemsikia. Wewe mbona nilikuona mdomo tu?" Nililia tu.

Nilidhani, maskini mimi, ni bahati mbaya. Haikupita muda mrefu akaniacha, akamuoa Zuhura.

Baadaye mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, anayerekodi kwaya ya kanisani kwao, akanifundisha kompyuta. Akanionyesha ile alama ya kusukuma sauti kushoto au kulia, akasema ukiisukuma mpaka mwisho, upande wa pili haitasikika kabisa. Nikautafuta wimbo wetu kwenye simu, nikavaa hedifoni sikio la kulia peke yake. Sikuwemo, hata pumzi. Nilimpigia yule bwana aliyeniacha hapo hapo nikamuuliza alijua au hakujua. Akacheka, akasema, "Sasa ulitaka nyote muwe katikati? Mmoja lazima apishe."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Nikajifunza ile kazi kwa hasira, na leo watu wa harusi na wa kaswida wananiletea mimi. Kompyuta yake iliingia maji ya chumvi, ikafa. Nilifurahi, sitawadanganya.

Sasa dada yake anaolewa Ijumaa hii. Zuhura amemwimbia wifi yake wimbo wa kumsifu, na yule bwana ameutia kwenye flashi, akampa dada yake autafutie fundi yeyote wa kuuchanganya. Bibi harusi akauleta kwangu, kaka yake hajui. Huyu wifi yangu ndiye pekee katika ukoo ule aliyeendelea kuja kumtazama mama, anamwogesha, anamsuka. Akaniambia, "Wifi, siku yangu naiweka mikononi mwako, nisiaibike."

Mziki utakaopigwa ni wa kaka yake, na amplifaya ni ile ile.

Nimetengeneza nyimbo mbili. Mmoja uko sawasawa, Zuhura katikati, msafi, na kazi yangu humo siioni aibu. Kwenye wa pili Zuhura nimemsukuma kushoto mpaka mwisho, na kulia nimeimba mimi, maneno yale yale. Atasimama mbele ya wanawake wote na maiki yake, atafungua mdomo, na itatoka sauti yangu. Yule bwana atakuwa nyuma ya amplifaya na atanijua kabla ya mtu yeyote, na hataweza kuzima wimbo wa dada yake. Kila nikiliwaza hilo moyo unatulia. Wifi yangu wimbo ataupata, tena mzuri zaidi. Lakini vicheko vitakuwa kwenye siku yake, na atajua ni mikono gani iliyofanya.

Wifi anapitia flashi Ijumaa asubuhi. Nishaurini ndugu zangu, nimpe upi?

Ila naomba jambo moja. Mama sasa hasikii kabisa, hata adhana hajui imetoka saa ngapi. Atakayeniambia nisamehe, aje kwanza hapa Baleni, akae naye mkekani, amwimbie wimbo wangu mpaka ausikie.