Jini la Kopo

Usimwone Bi Kuruthum amekaa kimya barazani kwake Ibra, huko Omani, kajitanda ushungi wake, tasbihi mkononi, ukadhani mwanamke mpole huyo. Mdomo wake hauna mpinzani mkoa mzima wa Sharqiyah. Yeye na shoga yake, marehemu Bi Tahira, walizaliwa Unguja mtaa mmoja, wakaolewa Ibra nyumba jirani, na miaka yote hiyo Kiswahili chao kilikuwa na kazi moja kubwa: kuwasengenya watu mbele ya macho yao. Wakikaa zahanati kumsubiri daktari, wakizunguka soko la wanawake siku ya Jumatano, hapiti mtu bila ya kupewa lake. "Mtazame yule, kajipaka wanja mpaka masikioni." Na mwenye wanja huwachekea, akidhani anaombewa dua. Wanaokijua Kiswahili hawakosekani Ibra, lakini hao husemwa kwa sauti ya chini, heshima kidogo.

Kisha Bi Tahira akafa, Mungu amrehemu, na Bi Kuruthum akabaki na maneno kifuani yasiyokuwa na pa kwenda. Binti yake, Arwa, Kiswahili anakifahamu, ila hujibu kwa Kiarabu, na akijikakamua kukisema ndiyo hivyo tena: "Mama, kiti hii imevunjika."

"Kiti hiki, mwanangu! Kiti hiki kimevunjika! Wallahi unanivunja na mimi."

Basi Arwa akarudi kwenye Kiarabu chake, na mama mtu akawa anazungumza na masufuria jikoni. Upweke ulimwingia mwilini, nguo zikaanza kumpwaya.

Arwa ni mhandisi, kazi yake kiwanda cha gesi huko Sur. Alipomwona mama anapungua, akaomba likizo, akakata tiketi za kisiwa kidogo cha Ugiriki, ambacho jina lake Bi Kuruthum mpaka leo hajalipatia.

"Kisiwa?" akamaka. "Mimi niliyezaliwa kisiwani nipandishwe ndege nikatazame kisiwa? Kina nini hicho? Kimezungukwa na maji?"

"Ukapumzike, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Akaenda hata hivyo, na sanduku lake lilijaa mchele, tende, halua, iliki na pilipili ya unga, maana nani ajuaye Wagiriki wanakula nini.

Walifikia nyumba ya wageni ya bibi mmoja mkongwe, Stamatia, mjane aliyevaa nyeusi tupu kama mwenye eda isiyokwisha. Hacheki, na Kiingereza chake maneno mawili matatu. Uani kwake paka wamejaa. Bi Kuruthum akampima juu mpaka chini, akaanza kazi.

"Huu mto au gogo? Na hii chai, au maji waliyooshea vikombe? Kefule! Na chooni hakuna hata kopo! Watu hawa wanajisafisha na nini?"

"Mama, bas! Anasikia!" Arwa alinong'ona kwa Kiarabu, uso umemwiva.

"Asikie. Atajua nini?"

Siku ya pili kitandani pana mto mwingine, laini. Chai imetiwa iliki na tangawizi. Na chooni, Mungu ni shahidi, pamewekwa kopo jekundu la plastiki, jipya, lina mkono wake, limejaa maji.

Bi Kuruthum alilizunguka lile kopo kama anayenunua mbuzi. "Arwa! Njoo uone!"

"Ni simu, mama," Arwa akasema. "Siku hizi simu zinasikiliza watu."

"Simu itajua nini habari ya kopo? Hasha. Nyumba hii ina mwenyewe. Jini hili, tena jini la Kiislamu, maana linajua twahara."

Tangu hapo hakumwogopa mtu. Akawa anaagiza kwa sauti, uso kauelekeza ukutani. Akisema samaki huyu angetiwa ndimu na pilipili angekuwa mtu, kesho yake samaki analetwa na ndimu na pilipili. Alinawiri, nakwambia. Asubuhi moja, Arwa ameteremka ufukweni, Bi Kuruthum akalisimulia jini lake habari za Bi Tahira, walivyokuwa wakicheka, na anavyomkosa. Akalia kidogo. Stamatia alikuwa humo humo chumbani akibadilisha mashuka, na foronya moja aliishika mkononi muda mrefu kuliko foronya inavyotaka.

Lakini mdomo ule ukishashiba hujisahau. Siku moja wanakunywa chai, Stamatia anamimina, kanuna vile vile. Bi Kuruthum akamwambia binti yake, "Mtazame huyu. Paka tele, mtu hata mmoja. Watoto wake wamemkimbia, naapa. Nani atakaa na uso kama huo?"

Mkono wa Stamatia ukasita. Akaliweka birika mezani, akaingia jikoni asirudi.

Asubuhi yake chai ikarudi kuwa maji ya vikombe.

"Jini limesusa," Bi Kuruthum akasema. Akachukua iliki zake sandukuni, akaelekea jikoni ajipikie mwenyewe. Hata hajafika mlangoni, akasikia sauti:

"Shuka mezani, we mwizi! Samaki wa watu huyo! Huna haya? Umelelewa wapi wewe?"

Alikuwa Stamatia, anamgombeza paka.

Iliki zilimponyoka zikatawanyika sakafuni. Tobaa! Mto, kopo, habari za Tahira, na yale ya jana kuhusu watoto, yote yakamjia kwa pamoja, akatamani ardhi ipasuke immeze. Stamatia akageuka. Wakatazamana. Bi Kuruthum, ambaye hajapata kukosa neno tangu kuzaliwa, alilitafuta akalikosa, akaliona moja tu, lile la kwanza alilofundishwa na mama yake. Akainama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Salamu hiyo isipoitikiwa, basi tena, mtu anafunga sanduku lake anakwenda zake.

"Marahaba," Stamatia akasema mwishowe, taratibu. "Wanangu hawakunikimbia. Wako Athens, wananipigia simu, wananipenda. Lugha yangu tu hawaijui."

Kumbe yeye na marehemu mumewe walizaliwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, na Kiswahili ndicho walichofichia watoto mambo yao.

"Sasa kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza?" Bi Kuruthum akalalamika. "Umeniacha najivua nguo peke yangu!"

"Ningesema, ungenyamaza." Stamatia aliinama kwa shida, akaokota punje moja ya iliki, akainusa. "Tangu mume wangu afe, Kiswahili humu ndani nakisema na paka. Ukaja wewe. Nikaona bora nitukanwe."

Bi Kuruthum akayakumbuka masufuria yake ya Ibra. Akavuta kiti, akafuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Kaa basi," akasema, "nikutukane vizuri."