Goti la Mama

Mwaka huu daktari alimwambia mama yangu asipige magoti tena. Goti la kulia limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Akiendelea atashindwa kutembea kabisa. Mama aliitikia vizuri, tukarudi nyumbani Nyakakika, na mgeni wa kwanza alipobisha hodi akashuka chini kumwamkia.

Sikushangaa. Kwetu mwanamke aliyelelewa husalimia akiwa amepiga magoti. Mama amewapigia magoti wakwe, mume, wageni, hata mashemeji aliowazidi umri. Jumapili kigangoni, kikanisa chetu cha kijijini, ndiyo usiseme: kengele ya mageuzo, padri anapobariki mkate na divai, haijamaliza mlio wa kwanza, yeye yuko chini kwenye saruji. Kushuka hakumshindi. Kuinuka ndiyo kazi, na kazi hiyo ni yangu. Tangu alfajiri nimeteka maji, nimekata mkungu, nimemenya ndizi, nimemwogesha. Halafu mbele ya waumini wote namnyanyua kwa makwapa huku anaguna. Nilichoka. Nasema wazi, nilichoka mpaka nikaanza kuichukia ile kengele.

Daktari hasikilizwi, lakini padri ni habari nyingine. Amri ya padri mama huitekeleza kabla maneno hayajaisha. Basi Jumapili moja nikamfuata padri baada ya misa, nikamweleza. Akamwita mama pale mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Mama, kuanzia leo usipige magoti tena. Kanisani wala nyumbani. Kaa tu, Mungu anakuona. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Asante," akajibu, na papo hapo akapiga magoti kumshukuru.

Tulimwinua wawili, mimi na padri. Padri alijizuia kucheka. Mimi hata nguvu za kucheka sikuwa nazo.

Jumapili iliyofuata mama alikaa. Kengele ilipolia kanisa zima likashuka, naye akabaki juu peke yake, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Nilimhurumia, ila nilijihurumia na mimi pia. Leo sina wa kumnyanyua, niliwaza, ngoja nipumzike. Nikajiegemeza, nusu nimekaa, nusu nimepiga magoti, kama tufanyavyo wavivu.

Mara mkono wake ukatua begani kwangu, ukanisukuma. Nikashuka mpaka magoti yakagusa saruji, na mkono ule haukuondoka hadi tuliposimama kwa sala ya Baba Yetu.

Tulirudi polepole kati ya migomba. Nilidhani amenuna kwa sababu nilimsemea kwa padri. Tulipokaribia nyumbani akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Umechelewa kushuka," alisema. "Jumapili ijayo kengele ikianza tu, tuwe chini."

"Tuwe, mama? Wewe si umekatazwa?"

"Nimekatazwa, ndiyo. Nimebaki na magoti yako."