Tundu la Nyuma

Fundi wa kompyuta wa pale Garsen haamini tundu la USB kwa kulitazama. Hulipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mganga anayetafuta mshipa. Darmi alimletea diski yenye sauti ya marehemu mama yake akiita ng'ombe kwa majina. Kwenye kompyuta nyingine zote diski ilikuwa ikiwaka na kuzimika, naye alishaanza kukata tamaa.

“Hili la mbele limelegea, dadangu, na umeme wake hautoshi diski hii.” Akaigeuza mashine, akapapasa nyuma, akaichomeka diski kwenye tundu la buluu, lenye umeme zaidi.

Sauti ikatoka, hafifu. Ndipo fundi, anayefokea kila anayegusa feni yake katika joto lile, akanyoosha mkono akaizima mwenyewe, mama asikike.