Countertop ya zinki niliyomwekea mama Migwani

Salamu wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimeikalia miezi kadhaa na bado inaniuma.

Mimi kazi yangu iko Kiboko. Mama, Mwaitu kama tunavyomuita, alikuwa anaishi nyumbani Migwani na dada yangu Mwende. Miaka yote amepika na kuni nje, moshi mpaka kifua kikaharibika. Daktari akasema tumtoe kwa huo moshi. Basi nikamtengenezea kitchen ya gesi ndani ya nyumba.

Sasa kwa countertop, ile meza ya kuandalia, ndio nilijiponza. Granite kila mtu anaweka. Tiles zinashika uchafu katikati. Online nikaona zinki, inang'aa kama sinia mpya, nikapenda.

Fundi nilimtoa mjini Wote. Akakunja sheet juu ya plywood, finishing safi kabisa. Akaniambia, "Boss, hii itashika alama na kubadilika rangi. Usipigane nayo."

Nikaitikia tu. Mimi nimezaliwa chini ya mabati, nani ataniambia nini?

Mwaitu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Wengine wanaweka mabati juu, wewe umeniwekea mezani!" Lakini aliipapasa kwa kiganja, pole pole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alifurahi, wakuu.

Nikarudi baada ya wiki mbili. Napata duara jeusi, mahali alikuwa anaweka kibuyu cha uji. Wakamba wenzangu mnajua uji wetu wa kuchacha. Ile asidi inakula zinki. Kando yake madoa ya limau na nyanya.

Nikapandisha hasira. Nikamfokea mama yangu mbele ya Mwende na wamama wawili wa kanisa waliokuja kumsalimia. "Mama, kitu nzuri kama hii unaichafua hivi?"

Mwaitu alichukua kitambaa akaanza kusugua. Alama haikutoka. Haki ya Mungu, niliingia kwa gari nikamwacha akisugua.

Baadaye nikipiga simu kuuliza kitchen inaendeleaje, ananiambia, "Iko safi kabisa, mwanangu." Na mimi nafurahi, mjinga mimi.

Kumbe alirudi kwa kuni. Mwende alikatazwa asiniambie. Mvua ilipoanza kifua kikazidi, akalazwa siku nne, na hapo ndio tulimpoteza.

Siku ya mazishi niliinua mtungi wa gesi nipike chai ya wageni. Ulikuwa mzito karibu vile niliuleta, kama umetumika zile wiki mbili za kwanza tu.

Mmoja wa wale wamama aliniona nimesimama hapo. Akaniambia, "Mwaitu alikuwa anatuonyesha hii meza tukiwa mlangoni. Hakutaka tuingie. Alisema mwanawe ameteseka kuinunua, hawezi kumharibia."

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Kwa hivyo mkiweka zinki, jueni limau, nyanya na uji mchachu zitaacha alama. Ndivyo ilivyo, haijaharibika. Kama roho yako haiwezi, weka granite. Na kama ni ya mama yako, mwache apike.

Walio na zinki kwao waseme wanaishi nayo vipi. Anayetaka kunilaumu pia aandike, nitasoma.

Mwende anauliza kama tuing'oe ama tuiache.