Springi ya Gobore

Kila nikitia mafuta cherehani yangu, harufu yake hunirudisha uani kwetu, Mbinga, kando ya kichanja cha kahawa. Rafiki yake baba alikuwa amefungwa jela kwa kuwinda kwenye hifadhi ya Liparamba. Baba akaapa kwamba yeye aliacha, na kwamba gobore lake la gumegume lilikufa zamani.

"Lifungue nione," mama alisema.

Baba akaulaza mtambo wa kufyatulia wa gobore juu ya gunia. Kabla hajagusa skrubu, aliibana springi kubwa kwa koleo, akaifunika kwa kitambaa, akanigeukia. "Sogea kule, mwanangu. Ikifyatuka hii itakutoa jicho."

Mama akaacha kuchambua kahawa. "Kilichokufa kinamtoaje mtu jicho, baba watoto?"

Baba alicheka peke yake. Kitambaa kilinuka mafuta mapya.

Springi ilipotoka, mama aliipokea, akaifunga fundo kwenye pindo la kanga. "Sasa ndiyo limekufa," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Tangu siku hiyo, kila baba alipozungumza na mama, macho yake yalitua kwanza kwenye lile fundo.