Daktari wa Mbwa Aliyeomba Kuondoka

Nilikuwa shambani nachuma ndengu nilipopigiwa simu kutoka Kalamba nikaambiwa kwamba daktari wa mbwa hayupo tena. Kiharusi kilimkuta kwake asubuhi, akifunga viatu aende kazini. Sitajidai kwamba tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Alikuwa mtu niliyezoea kumpitia kila nilipovuka Sultan Hamud, kwenye kituo kimoja cha umma kinachohifadhi mbwa waliookotwa. Tulikuwa tukinywa chai nje, mbwa wakibweka nyuma yetu, na kila mara nilimwacha akiwa amechoka kuliko nilivyomkuta safari iliyotangulia.

Alikuwa amestaafu alipotia sahihi mkataba wa kuwafunga uzazi mbwa wa pale. Kanuni ya kituo ilikuwa kwamba mbwa hakabidhiwi mtu kabla hajafungwa uzazi, na vizimba vikijaa, waliosalia hudungwa sindano ya kuwaua. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini mwishoni palikuwa na sentensi aliyokiri kwamba aliisoma harakaharaka: ataendelea na kazi hadi mwingine apatikane. Mwaka ukaisha. Zabuni ikatangazwa, hakuna aliyejitokeza. Ikatangazwa tena, kimya. Wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Aliandika barua ya kuomba kuondoka, akajibiwa avumilie kidogo. Akaandika nyingine mbili, na jibu halikubadilika.

Siku moja nilimkuta ameketi juu ya ndoo, glavu bado mikononi. Mama anayewalisha mbwa aliniambia kwamba mbwa jike wa mkulima mmoja wa Kiboko, aliyeletwa kituoni kufungwa uzazi, alivuja damu mezani akafa. Daktari mwenyewe alimpigia mkulima simu, hakutuma mtu. Mzee yule alifika mchana, akamfunga mbwa wake kwenye gunia, kisha akasimama mbele ya daktari. "Daktari, sina neno na wewe," alisema. "Lakini huo mkono nimeuona. Mbona hawakuachilii?" Mzee alipoondoka nilimuuliza daktari kwa nini asikae tu nyumbani, liwalo na liwe. "Nikikaa nyumbani, vizimba vitajaa," akasema. "Na hiyo sindano, unafikiri wataita nani aje kuidunga? Ni mimi tu." Tangu siku hiyo yule mama akawa anamshika daktari kifundo cha mkono kila anaposhona kidonda.

Nami nilichangia kumfungia mlango. Niliandika katika safu hii hii nikimsifu kwa kujitolea kwake, nikamwita nguzo ya kituo, na nikampelekea gazeti nikitarajia atafurahi. Alisoma hadi mwisho, akalikunja, akaniuliza polepole, "Sasa nitaondokaje?" Barua yake ya nne ilijibiwa kwa maneno yangu mwenyewe: nguzo haiondolewi nyumba ikiwa bado imesimama. Aliponionyesha barua ile hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwenye mazishi afisa mmoja alisema marehemu aliipenda kazi yake hadi siku ya mwisho, na watu wakaitikia. Mkewe, aliyekuwa karibu nami, aliinama akaninong'oneza, "Aliipenda, ni kweli. Lakini alitaka kupumzika." Wiki iliyofuata nilipigia kituo simu kuuliza hali ya mbwa. Yule mama alisema daktari mwingine ameshaanza kazi. Alipatikana ndani ya siku chache tu, mara mtu alipomtafuta kwa bidii. Tumezoea kuambiana kwamba mvumilivu hula mbivu, na mara nyingi anayesema hivyo ndiye asiyevumilia chochote. Mtu akituambia amechoka, tusikimbilie kumtafutia sifa. Tumtafutie wa kumpokea kazi, angali hai aweze kupumzika.